Buti Zisizooshwa

Habari ilinikuta nimeinama kwenye beseni, nasugua raba za mitumba kwa mswaki, mtoto amelala mgongoni. Simu ikaita. Mwanamke wa Runzewe ambaye siku za mnada hupanga nyanya zake jirani na mkeka wangu akasema bila hata salamu, "Mama viatu, yule dada yetu wa mwaloni ametutoka alfajiri. Mguu umemuua." Sikulia. Mnaonisoma hapa mnanijua, hasira yangu huwahi na machozi yangu huchelewa. Niliurusha mswaki ukagonga bati la choo cha jirani, naye akatoka kuuliza nani anampiga mawe. Mguu! Si duara, yaani shimo la dhahabu, lililomfukia, si uzazi, si malaria iliyopanda kichwani. Kidole cha mguu, kitu ambacho mtu hukikumbuka siku akijikwaa, kimemtoa mwanamke mzima duniani, mwenye nguvu za kubeba kiroba cha mchanga wa mawe huku anapiga soga. Na hata kabla hatujafika msibani, yule wa nyanya aliniongezea jambo lililonikosesha usingizi kuliko kifo chenyewe: watu walikuwa wameshaanza kuulizana kama binti yake atavaa buti za mama. Binti amemaliza kidato cha nne juzi juzi, anasubiri matokeo. Kwa hiyo leo sitaandika wasifu wa marehemu. Naandika juu ya buti hizo, na juu ya miguu ya mtoto huyo, maana kwa mama yake nimeshachelewa.

Niwaambie nilivyomjua. Naishi Nyahanga, lakini siku za mnada hufunga viroba vyangu nikaenda kutandika mkeka Runzewe. Muuza viatu huwajua watu kuanzia chini. Nimeona visigino vyenye magaga yaliyopasuka kiasi kwamba punje ya mtama ingeota humo. Nimeona kucha nene za njano zilizojikunja kama pembe ya mbuzi, sugu juu ya kila kidole, nyayo bapa zinazolaza kiatu upande mmoja, na vidole gumba vilivyopinda hadi vikawalalia wenzao, na kifundo kikatokeza ubavuni kama kiazi. Na karibu kila mwenye mguu wa namna hiyo ana aibu. Mwanamke atanisimulia mbele ya wateja wote jinsi mumewe alivyohamia kwa mwingine, atataja na aina ya mboga anayopikiwa huko, lakini nikimwambia, "Vua upime," anageuka kuangalia nani yuko nyuma yake. Wanaume ndio wabaya zaidi. Mwanaume atanunua kiatu kwa kukilinganisha na kiganja, aende nacho kikambane mwaka mzima, mradi tu nisione soksi yake.

Marehemu alinijia jua limesimama utosini, amevaa gambuti, buti zile ndefu za mpira, zimegandiwa na tope kavu hadi hujui rangi yake. Nikamwamkia, "Shikamoo dada." Akaitikia, "Marahaba. Una raba ya arobaini?" Nikamwambia avue nimpime. "Nimekutajia namba, unapima nini tena? Mimi ng'ombe wa mnadani, unataka kuniangalia na meno?" Wenzangu wakacheka, na yeye mwenyewe akacheka kuliko wote. Alikuwa na kicheko cha kutoka tumboni, cha kuwafanya watu wa mkeka wa tatu wageuke. Nikamwambia kiatu nilichonacho ni kimoja na anayefuata ana haraka, kama havui nampa mwingine. Akainama akaninong'oneza, "Nizibie basi." Nikasimama na kanga yangu nikaitandaza kama pazia, mtoto analia, wateja wanauliza kuna nini huko nyuma, bibi harusi? Akavuta buti. Haikutoka. Tukavuta wawili. Ilipotoka, wasomaji wangu, nilibana pumzi. Si kwa dharau. Harufu ile haikuwa ya uchafu wa mtu asiyeoga, ilikuwa ya kitu kilichofungiwa na maji siku nyingi. Katikati ya vidole ngozi ilikuwa nyeupe, imelegea na kuchanika kama karatasi iliyolowa. Kifundo cha kidole gumba kilikuwa kimevimba, chekundu, mpira ulikuwa umekichuna. Na kucha ya kidole hicho ilikuwa imezama nyamani pande zote mbili, nyama ikaivimbia juu.

"Dada, hii inauma?"

"Inauma mpaka kwenye meno."

"Na bado unarudi kwenye maji?"

"Sasa dhahabu inaoshwa kwa mate?"

Hapo ndipo aliponieleza habari ya buti, na mimi niwaeleze ninyi mlio mbali na machimbo. Mwaloni ndipo mchanga wa mawe yaliyosagwa unapooshwa. Kuna ubao mrefu umeinamishwa, juu yake kuna matambara au magunia, maji yanamwagwa, uchafu unapita na dhahabu, kwa kuwa ni nzito, inabaki imenasa. Wanawake wengi hufanya kazi hiyo, wamesimama kwenye tope jeusi tangu asubuhi. Sasa mwalo aliokuwa akifanyia kazi yeye una mwiko wake. Mwenye duara alikwenda kwa mganga, akarudi na masharti, na mojawapo ni kwamba maadamu duara linatema, yaani linatoa dhahabu, buti za mwaloni haziondolewi tope. Hazioshwi, hazianikwi juani, hazitolewi hata vumbi la ndani. Ukiziosha umeosha bahati, na wenzako wote wamekula hasara kwa ajili yako. Marehemu ndiye aliyekuwa amevaa jozi ile siku dhahabu ilipoonekana kwenye gunia ikiwaka kama pumba za mahindi. Tangu siku hiyo hakuwa tena mwoshaji kama wengine. Alikuwa mwenye nyota. Alipewa nafasi ya kichwani mwa ubao, pale maji yanapoangukia, na jozi ile ikawa yake, hakuna mwingine anayeigusa. Nikamwambia basi hata atoboe tundu ubavuni, kifundo kipumue. Akanitazama kama nimetukana wazazi wake. "Nikitoboa, nyota inavuja."

Siku ile nilimpa raba ya kiume, pana mbele, ya kuvaa nyumbani. Akaigeuza geuza. "Hii ya mwanaume. Wakiniuliza niseme nini?" Nikamwambia aseme ameoa. Kicheko alichokiangua kiliwafanya walinzi wa mnada waje kuuliza. Akaondoka na raba mkononi na buti miguuni, anachechemea, anajitahidi asionekane anachechemea.

Sitaki mniambie kwamba mwanamke huyu alikuwa mjinga. Nimeshasikia hayo mjini, kwa watu waliovaa soksi safi. Alijua kwamba anaumia. Mwenzake wa mwaloni alimchokonoa kucha ile kwa wembe, akakata pembeni, ikaota tena na kuzama zaidi. Fangasi wa kwenye vidole akampaka oili chafu ya karasha, ile mashine ya kusagia mawe, maana ndivyo wanavyofanya wote pale, na oili chafu kwa siku mbili tatu huziba muwasho ukadhani umepata dawa. Alikuwa akifanya kila lililokuwa karibu na mkono wake. Lililokuwa mbali ni moja tu, kuvua. Na kuvua kulikuwa na gharama yake: ukikaa nje ya mwalo mpaka mguu ukauke, nafasi yako ya kichwani mwa ubao inapata mtu. Sasa niambieni, mwenye akili hapo angefanya nini? Mtu akiwekewa heshima yake yote ndani ya jozi ya buti, mnategemea azivue kwa sababu ya muwasho?

Kisha ikaja siku ambayo siisahau. Alifika mnadani anatembea vizuri. Hachechemei. Akasimama mbele ya mkeka wangu akapiga mguu chini kama mcheza ngoma, akanisalimia kwa Kisukuma. "Mwangaluka, mama viatu! Nimepona." Akakaa mwenyewe, akavua mwenyewe, hakutaka hata pazia la kanga. "Finya hapo. Finya sana, usiogope." Nikafinya kidole. Akanicheka usoni. "Tumia kucha!" Nikatumia kucha. Hakupepesa hata jicho. Wale wa nyanya wakampigia vigelegele. Lakini mimi nilikuwa nakiona kidonda, bado kiko wazi, kimechimbika pembeni mwa kucha, kina maji maji, na nyama yake imegeuka rangi. Shuleni nilichora moyo, nilichora figo, nilichora hata utumbo wa panzi, lakini hakuna aliyetufundisha kwa nini kidonda kibichi kinaweza kunyamaza. Hata hivyo nilimwambia, kwa sauti ya kugombana maana ndiyo niliyo nayo, "Dada, hakijafunga, kimeachaje kuuma? Nenda zahanati leo." Akanijibu, "Duara likitulia nitakwenda. Sasa hivi linatema, mtu anaondokaje?" Akavaa buti zake. Ziliingia kwa urahisi, na hilo nalo akalishangilia.

Mliowahi kukaa hospitalini na mgonjwa wa sukari mnajua nilichokuja kuambiwa baadaye. Alikuwa na kisukari, hakijui, na sukari ilikuwa imeua mishipa yake ya fahamu ya miguu polepole, kuanzia vidoleni. Mguu ulikuwa haujapona. Ulikuwa umekufa ganzi. Uchungu ndiye mlinzi, na mlinzi alikuwa ameshauawa, mwizi akaingia anapotaka. Ule wepesi aliousikia ndio uliokuwa hatari kuliko maumivu yote ya nyuma. Kidole kikawa cheusi, weusi ukapanda. Ndipo watu wakasema amekanyaga kitu. Kwetu mguu usioelezeka una maelezo hayo hayo: kuna aliyemwekea njiani, kuna mwenye wivu na nyota yake. Akapelekwa kijijini kutafutiwa aliyemtega. Wakati wanatafuta mtu, mguu unaoza. Alipofikishwa hospitali, daktari akasema mguu ukatwe chini ya goti, haraka. Mwenyewe alisema, "Kateni." Kaka zake wakasema wasubiri ukoo ukae. Ukoo ukakaa. Wakajadili mwanamke atalimaje na mguu mmoja, atazikwaje hana mguu mmoja. Walipofika kwenye kukubali, sumu ilikuwa imeshaingia kwenye damu. Hawakuzika mguu mmoja, wamezika yote miwili pamoja na mwenyewe.

Nilikwenda kumwona kabla. Alikuwa amepungua uso, macho tu ndiyo yaliyobaki makubwa. Nilidhani ataniusia binti yake arudi shule, akasome chuo, mambo ambayo mama hufa nayo mdomoni. Akanishika mkono akasema, "Nimeshamwambia msimamizi, nafasi yangu ampe mwanangu. Na buti zangu asimpe mtu mwingine." Wasomaji, nimelelewa vizuri, najua mgonjwa haongezewi maneno. Lakini nilishindwa. Nikamwambia, "Dada, buti hizo ndizo zilizokulaza hapa." Akafumba macho. Akasema, "Mama viatu, usinifundishe kufa. Wewe mwanao atarithi mkeka. Wangu atarithi nini?" Namkasirikia kwa neno hilo. Watu husema marehemu hasemwi vibaya, na mimi simsemi vibaya, namsema kama ninavyowasema walio hai niwapendao. Alimpa mtoto wake kitu bora alichokuwa nacho, na kitu hicho kilikuwa sumu.

Msibani mzee mmoja alisimama akatoa maneno, akafika kwenye methali niliyojua itafika: mficha maradhi, kifo humuumbua. Vichwa vikatikisika, ndiyo, ndiyo. Nilitaka kusimama, shemeji yangu akanivuta kanga. Nisemee hapa basi. Nani alificha? Mwalo mzima ulikuwa ukisikia harufu ya miguu ile, na watu walikuwa wakitania, "Leo nyota inanuka, duara litatema." Hayo yalikuwa mafichoni? Na si wachimbaji peke yao. Wanakuja wataalamu kwenye viwanja vyetu, hema linafungwa, muziki unapigwa, tunapimwa presha, tunapimwa macho, akina mama tunapimwa kizazi. Vizuri sana, wasiache. Lakini sijawahi kumsikia mtu kwenye kipaza sauti akisema, "Vueni viatu tuone." Mkulima wa mpunga anashinda kwenye maji, mchunga ng'ombe anatembea na kandambili za tairi hadi unyayo unakuwa kwato, mama anasimama jikoni kuanzia adhana mpaka taa, mwanafunzi anavaa viatu vya kaka yake vilivyombana vidole mpaka vinapinda. Mkoa mzima huu umebebwa na miguu, na miguu ndiyo kitu pekee ambacho tukikiangalia tunacheka. Namuogesha mwanangu kila siku, nampitisha kidole katikati ya vile vidole vyake vidogo, nambusu unyayo. Ni lini mtu anaacha kuangaliwa nyayo? Siku anapoanza kujivalisha mwenyewe viatu, nadhani. Baada ya hapo hakuna anayemwangalia tena isipokuwa muuza viatu na mwosha maiti.

Matanga yakaanuliwa. Nguo zikagawanywa kwa ndugu kama desturi. Msimamizi wa mwalo akaja mwenyewe, kijana mwenye kofia na sauti ya kuamrisha, amebeba buti zile kwa mikono miwili kama anabeba sinia la harusi. Tope ni lile lile. Akamkabidhi binti mbele ya watu, na watu wakapiga makofi. Binti akapiga magoti kupokea. Niliona sura yake, alikuwa na fahari. Nilimwita pembeni nikamwambia asivae. Akanijibu kwa adabu iliyonivunja nguvu, "Mama mdogo, mama ndiye aliyesema." Mnamshindaje mtu aliyeshika wosia?

Siku za mnada zilipopita mbili tatu nikapata habari kuwa anachechemea. Niliuacha mkeka kwa yule wa nyanya, nikapanda pikipiki na mwanangu mgongoni mpaka mwaloni. Nikamkuta kichwani mwa ubao, pale pale, maji yanamwangukia, kanga ya mama yake kiunoni. Nikamwambia msimamizi kwamba namchukua mtoto nampeleka zahanati.

"Wewe ni mama yake?"

"Mama yake mmemzika."

Mabeseni yakasimama. Msimamizi akavuta kofia nyuma. "Mama viatu, biashara imekuwa ngumu unakuja kututafutia wateja huku? Anataka kuvua ili umuuzie?"

"Nataka avue ili nione."

"Akivua hapa katikati ya kazi, duara likifunga utatulipa wewe?"

"Na mguu ukikatwa utampa wa kwako?"

Mwanamke mmoja mtu mzima, aliyekuwa akichota maji, akasema polepole kwa kujisemea, "Mayu wee, huyu ana mdomo." Mwingine akadakia, "Acha awe nao, sisi yetu imejaa mchanga." Wakaanza kucheka, na ule ulikuwa mwanya wangu. Nikamgeukia binti. Sikumwambia habari ya mama yake. Nilimuuliza jambo moja tu, "Kidole kinakuuma?" Akatazama chini. Machozi yakaanza kumtoka hata kabla hajajibu. "Kinauma sana, mama mdogo. Silali. Nilikuwa nangoja kiache kama cha mama."

Nangoja kiache kama cha mama! Mtoto amesoma mpaka kidato cha nne, amemwona mama yake akishangilia ganzi, akajifunza kwamba huko ndiko dawa inakotokea: vumilia, vumilia, itafika siku mguu utanyamaza. Nilimkamata mkono nikamtoa kwenye maji. Nani alisema nini nyuma yetu sikumbuki, na kama ningesikia ningejibu na tusingefika.

Zahanati tulimkuta nesi wa makamo, mpole, asiyetishika na harufu. Alimkalisha binti, akamwosha miguu kwa mikono yake, akamkausha kidole kwa kidole kwa kitambaa. Binti alikuwa ameficha uso kwenye kanga kwa aibu. Katikati ya vidole palikuwa pamechanika vile vile kama kwa mama, na kucha ya gumba ilikuwa imeanza kuzama upande mmoja, pana usaha. Akampima sukari kwa tone la damu la kidole cha mkono, ikawa salama. Kisha akamwambia afumbe macho, aseme anapoguswa. Akachukua ncha ya kalamu akagusa unyayo hapa, akagusa pale. "Hapo. Hapo. Hapo." Alipofika karibu na kucha, hakuifikia vizuri, binti alipiga ukelele wa kutoboa bati na mguu ukamrukia nesi kifuani, kofia yake ikaanguka. Watu waliokuwa benchi nje wakachungulia dirishani. Binti anaomba radhi, nesi anaokota kofia. Na mimi nacheka. Nilicheka mpaka mwanangu akaamka mgongoni akaanza kulia, na mimi nikajikuta nalia naye, machozi ya msiba mzima yakanimwagikia kwenye zahanati ya watu. Nesi akaniuliza kama niko sawa. Nikamwambia, "Unauma, nesi. Mguu wake unauma." Nadhani alinielewa, maana naye alitabasamu.

Aliyotuambia si mambo ya chuo kikuu, na ndiyo maana yananitia hasira. Kausha katikati ya vidole kila unapotoka kwenye maji. Dawa ya fangasi paka mpaka muda uliopewa uishe, hata kama muwasho umekwisha siku ya tatu. Kucha ikate moja kwa moja, usichimbe pembe. Oili chafu waachie karasha. Kiatu kiwe kipana mbele, kifundo kisibanwe. Buti zioshwe, zianikwe, ndipo zivaliwe tena. Na mwenye sukari akague nyayo zake kila siku kama anavyokagua mlango kabla ya kulala, na akishindwa kuinama, amwambie mtu wa nyumbani amwangalie. Basi. Ndiyo elimu yote iliyokosekana kati ya mwanamke yule na kaburi.

Mguu ulipopata nafuu, binti alitaka kurudi mwaloni. Sikumzuia, nafasi ni ya kwake na njaa si ya kwangu. Lakini kabla ya kuvaa, alizibeba zile buti mpaka bombani, akazijaza maji na sabuni, akazisugua ndani na nje mbele ya macho ya wote, akazining'iniza kwenye miti midomo ikiangalia chini. Niliambiwa kwamba zilikuwa za kijani. Siku hiyo wapo waliomtukana na wapo waliobaki wanazitazama zikidondosha maji, na wawili kati yao wakaenda wakaleta za kwao. Haikupita muda duara likapunguza kutema, kama yanavyofanya maduara yote, yaliyooshewa buti na yasiyooshewa. Msimamizi akamfukuza. Akanipigia simu mwenyewe, anafoka, "Umefurahi sasa? Umemkosesha mtoto kazi!"

Ndiyo, nimefurahi. Andikeni hivyo. Binti sasa yuko kwangu Nyahanga, ananisaidia kusugua raba, anasubiri matokeo yake. Hana kazi na hana nyota. Jioni anakaa kizingitini na taulo anakausha vidole vyake, kimoja kimoja, analalamika kwamba gumba bado linamchoma. Namwacha alalamike. Wasomaji wangu, nimezika mtu aliyenyamaziwa na mguu wake, na somo nililorudi nalo ni dogo, linaenea kwenye unyayo. Kidonda kinachouma bado kinakuita. Kidonda kikiacha kuuma kabla hakijafunga, usipige vigelegele. Vua kiatu, na ukimbie.